Akiba Iliyorudishwa Mbele ya Watu

Vijana wangu, mnanichosha. Nasema mapema, asije mtu akasoma hadi katikati ndipo agundue kwamba mzee huyu ana hasira. Ninazo. Kila mmoja wenu akija kunisalimia hapa Galbet, salamu zikiisha tu anatoa simu anionyeshe kipato chake: kodi ya vyumba viwili huko Nairobi, gawio la hisa, faida ya hati fungani, mgao wa ushirika. Mashallah. Halafu namuuliza swali moja: mpangaji akihama kesho, na ushirika usitoe mgao mwaka huu, una pesa taslimu ya kula mpaka lini? Hapo anacheka. "Awowe," ananiambia, yaani babu, "pesa ikikaa bure inaoza."

Mimi nimekusanya kodi za nyumba Garissa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na pesa iliyooza sijawahi kuiona. Mapaa yaliyooza nimeyaona, na milango, na mara moja mguu wa kitanda wa mpangaji aliyedai kwamba ndiyo sababu ya kutolipa. Lakini pesa, hapana. Kwa hiyo kaeni chini mnisikilize, na simu ziwekeni kando.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Wenye nyumba walikuwa watu wa hapa, Wasomali wafugaji na wafanyabiashara. Wapangaji wengi walikuwa watu wa bara, walimu na makarani, waliotumwa na serikali. Sisi tulisema wametoka Kenya, kana kwamba Garissa ilikuwa nchi nyingine, na wao hawakubisha. Mimi nilikuwa katikati. Nilijifunza Kiswahili kwa kudai kodi, ndiyo maana hata leo wajukuu wananiambia nikisema "habari ya asubuhi" ni kama ninamtoa mtu chumbani.

Dai kodi siku ya mshahara, kabla mtu hajafika dukani. Anza kuuliza habari za watoto, tena uulize kwa dhati, kwa sababu mtu ambaye mtoto wake ni mgonjwa hatakulipa na afadhali ujue mapema. Mwangalie mpangaji anavyoishi: akianza kuuza viti, anaondoka. Na usikubali kulipwa kwa vitu. Tulikuwa na fundi cherehani ambaye kila mwisho wa mwezi alinipima mabega badala ya kunipa pesa. Nilipata mashati matatu mazuri sana. Mwenye nyumba aliyatazama, akaniuliza kama anatarajiwa kuyachemsha ama kuyakaanga.

Na jambo ambalo nimewaimbia wenye nyumba mpaka koo likakauka: kodi yote si yako. Sehemu ya kwanza ni ya bati na chokaa na choo. Choo kikijaa hakingoji mwisho wa mwezi. Mtu anayekula kodi yote anakula ukuta wake mwenyewe, halafu ananiita mimi kuniuliza kwa nini nyumba imeinama.

Mwenye nyumba wa mashati ndiye nataka kuwaeleza. Alikuwa Haji Bare, binamu ya baba yangu, kwa hiyo kwangu ni adeer, baba mdogo. Alikuwa na safu ya vyumba nyuma ya soko, kuta za udongo, paa la mabati, ua mmoja, kisima kifupi cha maji ya chumvichumvi. Safu hiyo ndiyo iliyomlisha yeye, mkewe Dahabo, na watoto wa ndugu yake aliyekufa. Mbuzi pia alikuwa nao, malishoni kwa jamaa, lakini chai ya asubuhi ilitoka kwenye kodi.

Haji Bare hakuweza kulala na pesa ndani ya nyumba. Nikimletea kodi asubuhi, ikifika alasiri imekuwa mbuzi, au bati, au mbao za chumba kipya. Nilimwambia, "Adeer, weka kidogo. Weka hata ya kula msimu mmoja wa kiangazi." Alinitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Noor," alisema, "pesa ni mgeni. Akilala kwangu, jamaa wote watakuja kumsalimia."

Na hapo, wallahi, hakuwa mjinga. Nyinyi wa Nairobi mnasahau haya. Kwetu ukoo ukipata shida, watu wanazunguka kuchanga. Tunaita qaaraan. Mtu amefiwa, mtu amefungwa, mtu ameua mtu na damu inapaswa kulipwa: wazee wanakuja, wanakaa kwenye mkeka wako, wanakunywa chai yako, wanakutajia shida. Aliye na pesa mkononi anatoa. Hawezi kusema "hii ni ya kodi ya kesho." Lakini hakuna mzee atakayekuambia ung'oe bati lako. Mbuzi pia si rahisi, kwa sababu yuko mbali na kila mtu anajua ana mimba. Ndiyo maana mtu mwenye akili alikimbiza pesa zake ziwe kitu kingine kabla jua halijashuka. Nilimwelewa. Alinikasirisha vilevile.

"Mbuzi ni pesa yenye miguu," aliniambia. "Siku nikihitaji, nauza."

"Na siku soko likifungwa?"

"Soko la mbuzi lifungwe Garissa?" Akacheka mpaka akakohoa.

Dahabo hakucheka. Dahabo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, na katika mambo ya pesa sijapata mwalimu mwingine. Alikuwa katika ayuuto, ile nyinyi mnaita chama, wanawake wanachanga na kila mmoja anapokea kwa zamu. Zamu yake ikifika, wenzake walinunua dhahabu. Yeye alinunua kipande kidogo cha kitambaa ili aonekane amenunua kitu, na pesa iliyobaki ikapotea. Mumewe hakuuliza, kwa sababu pesa ya mke ni ya mke, dini iko wazi. Ilienda wapi? Chumba cha mwisho katika safu yetu.

Chumba hicho kilikuwa cha mwalimu mmoja Mkamba na mkewe, Mama Mwende. Dahabo na Mama Mwende walianza kwa kupeana chumvi, wakaishia kupeana siri. Nilikuwapo nikigongomea bawaba ya mlango siku Dahabo alipompelekea pesa ya kwanza, imefungwa ndani ya leso.

"Hii besa niwekee," Dahabo alimwambia, kwa Kiswahili chetu Wasomali kisichojua p. "Watu wakija wakiuliza, sema hujui Kiswahili."

"Na nikisema sijui Kiswahili, nitaongea nao Kikamba?"

"Wataondoka haraka."

Fikirieni akili ya mwanamke yule. Kwa ndugu yake, pesa ingejulikana. Kwa Msomali mwingine yeyote, kuna mjomba, kuna shemeji, kuna mtu wa kuomba. Lakini hakuna mzee wa ukoo wetu ambaye angekwenda kukaa kwenye mkeka wa mke wa mwalimu Mkamba kumwomba mchango wa damu. Dahabo aliniangalia juu ya bega, mimi na nyundo yangu, akaniambia, "Noor, wewe hujaona." Nikasema sijaona.

Uhuru ulipofika Kenya, kwetu ulifika na vita. Serikali iliviita vya shifta, yaani majambazi. Watu waliokuwa msituni walijiita jina jingine, na sisi wa mjini tulikaa kimya tukihesabiwa na pande zote mbili. Sitawasimulia mambo ya bunduki, wako wanaoyajua zaidi. Nitawaambia vilivyoifanya kodi. Kwanza ikaja kafyu. Halafu malori yakawa yanatembea kwa msafara tu, na askari mbele na nyuma. Halafu makarani wakaanza kuuza viti. Mchinjaji akafunga kwa sababu hakuna mnyama anayeingia mjini. Fundi cherehani akaondoka na mkanda wake wa kupimia. Vyumba vikabaki wazi, upepo unafungua na kufunga milango niliyoitengeneza mwenyewe.

Na soko la mifugo likafungwa. Mbuzi wa Haji Bare walikuwa malishoni, na habari zikaja kwamba wamezuiwa pamoja na mifugo ya watu wengine wengi, na kwamba kiu imewamaliza walio wengi. Kwa hiyo kodi ilikatika, na kile alichosema atauza kodi ikikatika kilikatika siku zilezile. Hapa ndipo nawaomba mnielewe kwa sababu nyinyi mnarudia jambo lilelile kwa maneno mapya. Akiba yako isiwe na ugonjwa mmoja na kipato chako. Ukiwa na nyumba mtaa mmoja, halafu akiba yako ni kiwanja mtaa huohuo, wewe huna akiba. Una kitu kilekile mara mbili.

Haji alikonda. Alikuwa amezoea kuwa mtu anayeombwa, sasa alikaa uani akihesabu tasbihi. Mfanyabiashara mmoja wa duka la jumla, mtu mwenye pesa taslimu katika mji usio na pesa, akaanza kupita pale kila siku. Alipapasa kuta. Alitaka kuinunua safu yote, kwa bei ambayo kabla ya vita isingekupatia chumba kimoja na nusu. Alikuwa mpole sana. Watu wa namna hiyo huwa wapole.

"Nikikataa, tutakula nini?" Haji aliniuliza.

Mimi nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Kulikuwa na unga ndani ya nyumba, na sukari kidogo, na Haji aliamini kaka zake Dahabo ndio wanaoleta. Hawakuwa wao. Dahabo alikuwa anaichota akiba yake kwa kijiko. Alinivuta kando ya kisima akaniambia, "Mwambie asiuze. Iko ya kutosha mvua mbili zipite, tukila unga na maji. Vita hivi vitakwisha na makarani watarudi. Lakini usimwambie iko wapi, atanunua mbuzi."

Atanunua mbuzi. Katikati ya vita. Na alikuwa anamjua mumewe.

Basi nikawa napigana na Haji kila siku, nikimwambia subiri, subiri, Mungu yupo. Na alisubiri. Alimwambia yule wa duka la jumla arudi mwezi ujao. Tulikuwa tunakwenda vizuri.

Ndipo wakaja wazee wa qaaraan. Familia nyingi zilikuwa zimeletwa karibu na mji zikakalishwa mahali pamoja, bila mnyama, bila maziwa, na watoto wao walikuwa na hali mbaya. Shida ya kweli, sitaki mtu aseme nawadharau. Wazee walikaa kwenye mkeka wa Haji asubuhi, wakamweleza. Haji alisema, "Wallahi, ndani ya nyumba hii sina hata senti." Hakusema uongo. Ndivyo alivyojua. Nao walimwamini, wakabaki wakinywa chai ya rangi bila sukari na kumwombea dua.

Asubuhi hiyohiyo walimu walikuwa wameambiwa wapeleke familia zao bara. Msafara ulikuwa unaondoka mchana. Dahabo alipopata habari alinitafuta akanipata sokoni. "Kimbia kwa Mama Mwende," alisema. "Akupe ile leso. Iweke ndani ya gunia lako la misumari, upite mlango wa nyuma." Nilikimbia. Nikakuta chumba kitupu, godoro limefungwa kamba, na mwalimu peke yake anakaza sanduku.

"Mama Mwende yuko wapi?"

"Amekwenda kwa Haji kuaga," alisema.

Nilipofika uani nilichelewa kwa maneno machache tu. Mama Mwende alikuwa amesimama mbele ya mkeka wa wazee, kilemba kichwani, leso mkononi, mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. Alikuwa anasema kwa sauti ya kanisani, kila mtu asikie.

"Nimekuja kurudisha pesa ya mama wa nyumba hii. Ameiweka kwangu miaka. Zihesabuni hapa mbele yangu, zilizobaki zote ziko, nyinyi wazee muwe mashahidi."

Nilitaka ardhi ifunguke. Na nilimkasirikia mwanamke yule kwa miaka, mpaka nilipokuwa mzee wa kutosha kuona kwamba alifanya sawasawa. Alikuwa mgeni, Mkristo, anaondoka mji wenye vita ambako kila mtu anamshuku mwenzake. Angenipa mimi kwa siri nyuma ya choo, halafu kesho mtu aseme Mkamba amekula pesa ya Msomali, nani angemtetea? Kwao jambo la haki linafanywa mbele ya watu. Kwetu jambo la busara linafanywa nyuma ya pazia. Leso ileile.

Haji alisimama polepole. "Mama, hii besa ni ya nani?"

"Ya mke wako. Kwani hukujua?"

Hakuna mzee aliyemwita mwongo. Mmoja aliweka kikombe chini, basi. Lakini nilimwona adeer yangu akijitazama kwa macho yao: mtu aliyeapa kwa Mungu kwamba hana senti, na senti zimeletwa mlangoni kabla chai haijapoa. Dahabo alikuwa ametoka, amesimama kizingitini. Haji akamgeukia.

"Dahabo, ni pesa yako. Unatoa?"

Vijana, kuna maswali ambayo si maswali. Dini ilimpa haki ya kukataa, na kila mzee pale aliijua sheria. Angekataa, mumewe angebaki mwongo hadi kaburini. Aliwatazama watoto wa shemeji yake waliokuwa wamekaa ukutani. Halafu akasema, "Natoa."

Zote. Haji hakutoa nusu, wala robo, wala sehemu ya watu wenye busara. Alichukua leso kama ilivyo akaiweka juu ya mkeka, ili asionekane ameficha hata moja. Nilisimama pale na gunia langu la misumari. Wazee walipoondoka, Mama Mwende alimkumbatia Dahabo, wote wawili wakilia, na nina hakika walikuwa wanalia kwa sababu tofauti.

Dahabo alingoja mpaka ua umekuwa kimya. "Umesafisha jina," alimwambia mumewe. "Sasa tutakula nini?"

Yule wa duka la jumla hakungoja mwezi ujao. Haji alimwuzia safu yote, na kisima, na milango yangu.

Sasa mniulize mtu aweke ya miezi mingapi. Mnapenda namba, nitawapa. Mwenye mshahara na awe na pesa ya kula nusu mwaka. Wewe unayeishi kwa kodi na gawio, kumbuka ni muda gani mrefu zaidi chumba chako kimewahi kukaa kitupu, kisha uuongeze mara mbili. Kama kipato chako chote kinatoka mahali pamoja, weka pesa ya mwaka mzima: ya unga, dawa, karo, si ya nyama choma. Hiyo ni mbali na ya bati na choo. Hapo mnanipigia makofi mnataka kwenda. Ngojeni.

Weka pia ya jamaa. Kaa ukijua watakuja, kwa sababu watakuja, na sasa wanakuja kwa simu, kikundi kizima, jina lako limeandikwa na mbele yake ni patupu. Tenga sehemu ambayo ni yao hata kabla hawajaomba, iwe wazi, ijulikane, uitoe kwa uso mkunjufu. Hiyo ndiyo inayoilinda ile nyingine. Haji hakuwa na ya kuonyesha, ndipo ikamlazimu kutoa iliyofichwa. Angekuwa na kidogo cha kuweka juu ya mkeka asubuhi ile, asingeapa. Na mke na mume waambiane. Dahabo alikuwa na akili kuliko sisi sote, lakini siri yake ndiyo iliyomfanya mumewe aape. Nimewaambia haya wanandoa wengi. Wanaitikia, halafu kila mmoja anakwenda kuficha yake.

Vita vilipokwisha makarani walirudi, na wengine wengi zaidi, na kodi ikapanda. Mwenye nyumba mpya aliniacha niendelee na kazi. Haji na Dahabo na wale watoto walikuwa wapangaji wake sasa, katika chumba cha mwisho, kile cha Mama Mwende. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kumdai. Mwisho wa kila mwezi nilibisha mlango nikiwa nimeangalia chini, na kila mwezi pesa ilikuwa tayari, imewekwa kando tangu mwezi haujaanza. Adeer yangu alikuwa amejifunza kuweka pesa taslimu. Katika safu nzima hakuna mpangaji aliyelipa vizuri kama yeye, na kila nilipoipokea nilitamani kumpiga.

Wazee wa qaaraan walikuwa wakipita ule ua kwenda kwa wengine. Kwake hawakubisha. Mtu anayelipa kodi haombwi, wanamwonea huruma. Aliwatazama wakipita, akarudi kwenye tasbihi yake.

Halafu mwezi mmoja nilibisha, akanipa pesa, nikaona ni nusu. Nilimwuliza kama kuna mgonjwa. Alisema hapana, wote wazima. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu auze.

"Walikuja jana," alisema. "Wamebisha mlango huu, Noor. Wamekaa pale, Dahabo akawapikia chai."

"Na wewe ukawapa kodi ya nyumba."

"Waliniomba," alisema.

Nilimkaripia. Nilimkaripia baba yangu mdogo, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, kama mtoto aliyemwaga maziwa, na Dahabo akiwa ndani anasikia, na yeye akitabasamu tu. Kisha nikatoka, nikasimama nyuma ya kisima mahali ambapo hakuna mtu, nikatoa pesa yangu mfukoni, nikaijaza ile nusu.